Maelezo ya Dereva Kuhusu Kifuniko Chekundu

KITUO CHA POLISI, DAWATI LA UPELELEZI
MAELEZO YA SHAHIDI (YA PILI)

Jina: Limehifadhiwa kwenye jalada. Huitwa "Usukani" na watu wote, mkewe akiwemo.
Umri: Miaka 51
Kazi: Dereva wa mtu binafsi
Elimu: Darasa la sita. Shahidi ameomba iongezwe: "na barabara zote."
Makazi: Nyumba ya uani, kwa mwajiri wake
Tarehe: 16 mwezi wa nane. Maelezo yameanza saa tatu na dakika kumi asubuhi.

Mimi niliyetajwa hapo juu natoa maelezo haya kwa hiari yangu. Hakuna aliyenitisha wala aliyeniahidi kitu. Naomba yaandikwe kama ninavyoyasema, kwa sababu maelezo yangu ya kwanza, ya tarehe 14, yaliandikwa vizuri sana lakini yalikuwa ya uongo. Siku ile niliulizwa kuhusu kifuniko chekundu kilichokutwa kwenye ndege, nikajibu: "Sijakiona, sijakigusa, sijui ni kitu gani." Katika maneno hayo matatu la kweli ni moja tu, la mwisho. Kweli sikujua ni kitu gani.

Ninafanya kazi kwa Mzee Bati mwaka wa kumi na nne sasa. Watu humwita hivyo kwa sababu ana viwanda vitatu vya mabati. Mimi ndiye dereva wake wa pekee. Kwa miaka hiyo yote sijamkwaruzia gari, labda ndege wa angani ndio wamelichafua. Nimeendesha magari ambayo watu wengine wameyaona kwenye kalenda. Uchochoro ukiwa na upana wa gari na kidole kimoja, mimi napita, na kidole kinabaki. Sisemi haya kujisifu, Afande. Nayasema ili ijulikane mtu aliyefanya jambo hili si mzembe. Mzembe angekuwa na nafuu.

Ili jambo hili lieleweke, lazima nieleze kwanza jinsi wauzaji wa vitu vya bei mbaya wanavyomtendea mnunuzi wa kweli. Afande ameniuliza hayo yanahusiana vipi na ajali. Yanahusiana.

Nimekaa ndani ya ununuzi wa namna hiyo mara saba. Muuzaji wa magari yale hamkimbilii mteja. Anayekimbiliwa ni mtu aliyekuja kupiga picha na kuondoka. Mnunuzi wa kweli akiingia, muuzaji hubaki pale pale aliposimama, hufunga kifungo cha koti, huvuta pumzi, ndipo huja polepole kama anayekwenda kutoa rambirambi. Haulizi unataka nini. Huuliza, "Safari ilikuwaje?" Bei haitajwi mpaka watu wazoeane kama mashemeji. Na jicho lake, Afande, haliko kwa mnunuzi. Liko kwa dereva. Wauzaji wanajua kwamba mwenye gari hulitembelea tu, anayeishi nalo ni dereva. Dereva akinuna, gari halinunuliwi.

Muuzaji wetu kwa miaka yote ni mmoja, namwita Bwana Karibu, kwa sababu husema "karibu" mara tatu: mlangoni, kitini, na tena unapoondoka, ili usijisikie umeondoka. Kila nilipofika pale na Mzee, vilitolewa viti viwili vya ngozi, kimoja cha Mzee na kimoja changu. Juisi ililetwa kwenye glasi ndefu yenye barafu na mrija. Aliyajua majina ya watoto wangu wote watano kwa mpangilio wa kuzaliwa, na mimi mwenyewe wakati mwingine huwachanganya. Kitindamimba wangu alipofaulu mtihani, Bwana Karibu alimletea begi la shule. Nina kofia saba zake, na mwavuli mkubwa kama paa la kibanda.

Tena Mzee na mimi tulikuwa na siri yetu. Muuzaji akimaliza kueleza, na mimi nikishazunguka gari, nikalala chini yake, nikalinusa, Mzee huniuliza mbele za watu, "Usukani, koo lako vipi?" Nikikohoa, tunaaga tunaondoka. Nikijibu, "Koo safi, Mzee," anatoa kalamu. Mara saba nilisema koo safi. Mara nyingine zisizo na idadi nilikohoa. Bwana Karibu aligundua, si mjinga yule. Kuanzia gari la tatu, nikifika tu naletewa kikombe cha maji moto, asali na ndimu, "kwa ajili ya koo la ndugu yangu." Tulicheka sote. Huo ndio ulikuwa ukubwa wangu duniani. Mtu aliyeishia darasa la sita anakohoa, na watu wenye tai wanasimama.

Mnamo mwezi wa tatu mwaka huu, tukitoka kwenye kiwanda cha mbali, Mzee alikuwa ameshika kiuno kwa maumivu ya safari. Akaniambia, "Usukani, barabara zimenimaliza mgongo. Nataka kununua ndege." Nikamuuliza, "Nayo ina usukani, Mzee?" Akasema, "Inao. Ila si wako." Alisema kwa kicheko, na mimi nikacheka. Nilicheka kilomita nzima, sikujua niache vipi.

Wiki iliyofuata tulikwenda kuiangalia ile ndege. Muuzaji alikuwa Bwana Karibu yule yule, amepandishwa cheo, sasa anauza ndege ndogo kwenye banda la ndege. Nilifurahi kumwona. Alifunga kifungo cha koti, akavuta pumzi, akaja polepole kama kawaida yake. Akampa Mzee mkono. Kisha akanipita kama nguzo, akaenda kwa mtu aliyekuwa nyuma yangu.

Mtu huyo alikuwa rubani ambaye Mzee alikuwa amemwajiri wiki ile ile. Ni mwanamke wa miaka kama thelathini hivi, mfupi, anavaa buti za kazi, nywele amezibana nyuma. Sote tunamwita Kapteni. Nilikuwa nimemleta mimi mwenyewe, amekaa kiti cha nyuma. Bwana Karibu akamwinamia, akamuuliza, "Safari ilikuwaje, Kapteni?"

Afande, safari nimeendesha mimi. Anaulizwa abiria!

Vikatolewa viti viwili vya ngozi. Cha pili akapewa Kapteni. Glasi ndefu, barafu, mrija, Kapteni. Mimi nilisimama karibu na mkia wa ndege mpaka mtu mmoja akakumbuka, akaniletea kiti cha plastiki kilichopasuka mgongo, na chupa ya maji isiyo baridi. Bwana Karibu hakuniuliza habari za mtoto hata mmoja kati ya watano. Na Mzee alipomaliza kusikiliza, aligeuka, mimi nikaliweka koo langu tayari. Akasema, "Kapteni, unaonaje?"

Tulirudi pale mara nne, kati ya mwezi wa tatu na wa nane. Kila mara ilikuwa hivyo hivyo. Mimi natafuta kivuli, yeye anapewa glasi. Niliyajua mambo ambayo sikutaka kuyajua, kwamba sasa Bwana Karibu anajua Kapteni anapenda juisi ya nanasi, na kwamba mama yake Kapteni anaumwa miguu. Amemtumia mama huyo viatu laini. Begi la kitindamimba wangu lilikuwa limeshachakaa zipu.

Nataka kusema wazi kwamba Kapteni hakunikosea kitu. Hiyo ndiyo iliyonimaliza. Angekuwa na maringo ningemchukia kwa raha zangu. Yeye ananiita kaka. Siku moja aliinuka kwenye kile kiti cha ngozi akaniambia, "Kaka, kaa wewe, mimi nimekaa angani tangu asubuhi." Nikamjibu kwamba sisi madereva tumezoea kusimama. Sijui dereva gani amezoea kusimama. Kazi yetu yote ni ya kukaa.

Nyumbani nililalamika. Mke wangu alikuwa akichambua mchele. Akasema bila kuinua macho, "Baba, wewe una ukewenza."

Nikamwambia, "Ukewenza gani, mimi mwanamume?"

"Umeletewa mke mwenza mwenye mabawa, na roho inakuuma. Mimi ungeniletea ningefanyaje? Basi vumilia kama ambavyo ungeniambia mimi nivumilie."

Wana wangu walicheka mpaka wakashikana. Nilitoka nje nikaosha gari lililokuwa safi.

Sasa naeleza siku yenyewe. Mnamo tarehe 14 mwezi wa nane, saa mbili na dakika arobaini asubuhi, niliwafikisha Mzee na Kapteni kwenye uwanja mdogo wa ndege. Ilikuwa siku ya kuijaribu ndege angani kwa mara ya mwisho, Mzee akiwa ndani, na baada ya hapo angetia sahihi. Kulikuwa na upepo wa wastani na vumbi. Bwana Karibu alikuwa ameleta maua, zulia na mpiga picha.

Saa mbili na dakika hamsini hivi, Kapteni alianza kuizunguka ndege akiigusa kila mahali. Kusema kweli ya Mungu, anakagua vizuri. Analala chini kama mimi, ananusa kama mimi. Nilimtazama nikasema moyoni, huyu angekuwa dereva, angekuwa dereva kweli. Chini ya bawa la kushoto kuna kijibomba kidogo kinachotazama mbele, urefu wake kama kidole. Kilikuwa kimevalishwa kifuniko chekundu kama soksi ya mtoto mchanga, chenye utepe mwekundu unaoning'inia, mrefu kama mkono. Utepe una maandishi meupe ya kigeni, na kigeni changu mimi kinaishia kwenye majina ya magari. Kapteni alikivua kile kifuniko. Nilimwona kwa macho yangu mawili akikivua. Naomba hilo lipigiwe mstari.

Alipokuwa nacho mkononi, Bwana Karibu akapaza sauti, "Kapteni! Picha kwanza, mwanga mzuri huu!" Akaja akamshika kiwiko. Kapteni akanigeukia akaniambia, "Kaka, nishikie hii, nakuja kuichukua." Akaniwekea mkononi.

Nikabaki nimeshika soksi ya ndege mbele ya mpiga picha.

Hata hivyo nilisogea kwenye picha. Katika magari yote saba nimo kwenye picha, nimesimama kulia kwa Mzee, na picha hizo ziko ukutani kwangu. Nilipofika kulia kwa Mzee, Bwana Karibu aliniambia kwa tabasamu, "Usukani, sogea kidogo ndugu yangu, unaziba bawa." Ilikuwa saa tatu na dakika tano. Saa yangu haidanganyi, na niliitazama ili nisitazame watu.

Nikasogea. Nikasogea mpaka nikajikuta chini ya bawa lenyewe.

Hapa Afande amenisimamisha, akanionya kwamba kuanzia sasa nikiendelea, ninayoyasema yanaweza kutumika dhidi yangu mahakamani, na kwamba nina haki ya kunyamaza. Nimeelewa. Nilishanyamaza siku mbili, sikuona faida. Nimeomba aendelee kuandika.

Nilikirudisha kile kifuniko kwenye kijibomba. Hakuna aliyeniona. Sikuwaza ajali. Nilidhani ni kifuniko cha kuzuia vumbi, kama kile cha kwenye tundu la kujazia upepo wa tairi, ambacho ukikisahau gari linakwenda tu. Nilichowaza ni hiki: injini itawaka, utepe utapepea mwekundu mbele za watu wote, wataanza kunyoosha vidole, na Kapteni atalazimika kuzima, kushuka na buti zake, kutembea mbele ya Mzee na maua na zulia, akavue soksi aliyoisahau. Nami ningesema kwa sauti, "Kapteni, hata mimi koo langu huwa linasahau." Nilikuwa nimeshautunga na huo utani. Nilitaka Mzee aone kwamba naye anasahau. Basi. Aibu ya dakika mbili, kisha ningemsaidia kupanda.

Lakini kuna mkono wangu, Afande. Kwa miaka kumi na minne, kila jioni nalifunika gari la Mzee kwa turubai, na kamba za turubai huzifunga kwa fundo langu mwenyewe. Mizunguko miwili, ncha inarudi ndani, halafu inavutwa chini. Halipepei, halining'inii, hata kuje tufani. Mimi siwezi kuacha kitu kikining'inia. Hata kamba za viatu vya watoto nazifunga hivyo, wanalia shuleni hawawezi kuzifungua. Nilipokivalisha kile kifuniko, mimi nilikuwa nasikiliza kicheko cha Bwana Karibu kwenye picha, na mkono ukafanya kazi yake. Ukauzungusha utepe kwenye kijibomba mara mbili, ukaingiza ncha, ukavuta chini. Ukawa safi. Hauonekani kama hujainama.

Picha zilipokwisha, Bwana Karibu aliwapeleka Mzee na Kapteni moja kwa moja hadi mlangoni mwa ndege, bado amemshika Kapteni kiwiko, akisema kwamba wateja wengine wanasubiri simu yake. Kapteni alinitafuta kwa macho. Akanionyesha kiganja, yaani, kile kitu kiko wapi? Mimi nikamwitikia kwa kichwa na kumpigia dole gumba, kwamba kiko salama, nenda. Akanishukuru kwa mkono. Akapanda. Bwana Karibu alikaa kiti cha mbele kando yake, Mzee nyuma.

Injini iliwaka saa tatu na dakika kumi na nane. Nikasubiri utepe upepee. Ndege ikaanza kutembea kwenda mwanzo wa njia ya kurukia. Haukupepea. Nikainama nikatazama, ndipo nikaona fundo langu. Nililitambua kama mtu anavyoutambua mwandiko wake.

Ningeweza kupiga kelele. Nilifungua mdomo. Kisha kwenye kioo cha ndege nikamwona Bwana Karibu amegeuka nyuma anamwonyesha Mzee ngozi ya viti, mdomo wake hauna breki, na roho yangu ikaniambia, waache waende na starehe zao. Nikafunga mdomo. Hayo ndiyo ninayoyajutia kuliko kufunga utepe. Utepe niliufunga bila kuufikiria. Mdomo niliufunga huku nikijua.

Saa tatu na dakika ishirini na mbili ndege ilikimbia. Ilipopita katikati ya njia nilisikia ngurumo imeshuka ghafla, na magurudumu yakalia. Nimekuja kuelezwa baadaye na mkaguzi wa ajali za ndege kwamba kile kijibomba ndicho kinachopima mwendo. Kikizibwa, mshale wa mwendo hausogei. Rubani alitaka kuutazama, lakini Bwana Karibu alikuwa amenyoosha mkono mbele ya uso wake akionyesha taa na saa na urembo mwingine. Alipoutoa mkono ule, Kapteni akaona mshale umelala kwenye sifuri, akakata moto, akashika breki. Njia ikaisha kabla ya ndege kusimama. Ilivunja uzio, ikaingia pua kwenye mtaro.

Nilikimbia. Mtu wa umri wangu mwenye tumbo hili, nilikimbia nikawapita vijana wa uwanjani. Nilimvuta Mzee nikambeba mgongoni. Alikuwa analalamika bega, nimeelezwa ni mfupa wa mtulinga uliovunjika. Bwana Karibu alitoka mwenyewe, koti lake limefungwa kifungo. Kapteni alikuwa na damu kwenye paji la uso, lakini hakutoka mpaka alipozima swichi zote, akatupigia kelele tusogee mbali kwa sababu ya mafuta. Kisha akainama chini ya bawa la kushoto. Akaona. Akageuka akanitazama, mimi nikiwa na Mzee mgongoni.

Nilimfikisha Mzee hospitali kwa dakika kumi na moja. Hata siku ile nilijipongeza kwa dakika zile. Ndivyo nilivyo.

Saa nane mchana siku hiyo hiyo Bwana Karibu alinipigia simu nipite ofisini kwake kabla ya kuja hapa kituoni. Nilipofika, alinyanyuka. Akafunga kifungo cha koti, akavuta pumzi, akanijia polepole. Akaniuliza, "Safari ilikuwaje, ndugu yangu?" Kikatolewa kiti cha ngozi. Ikaja glasi ndefu, barafu, mrija. Akaniulizia watoto, mmoja mmoja, kwa mpangilio. Kisha akasema, "Ndege yetu haina kosa lolote. Rubani alisahau kifuniko, hayo hutokea kwa vijana. Wewe hukuona kitu, sivyo?" Nikautazama mrija. Akasema, "Mzee sasa hatataka tena mambo ya angani. Atarudi kwenye magari. Kuna moja jeusi limeingia jana, sijamwonyesha mtu. Nilitaka kwanza nisikie koo lako."

Nilikunywa ile juisi, Afande. Nilikunywa mpaka nikatafuna barafu. Nilipotoka pale nilikuja moja kwa moja hapa nikasema sijakiona, sijakigusa. Nikiwa kwenye kaunta nilimwona Kapteni amekaa kwenye benchi la ndani na bandeji kichwani, ameshavuliwa mkanda na buti. Niligeuza uso nikajifanya nasoma tangazo ukutani.

Mnamo tarehe 15, saa kumi jioni, nilikwenda hospitali kumwona Mzee. Nilimkuta Bwana Karibu kando ya kitanda cha Mzee na karatasi iliyochapwa. Ilisema kwamba Mzee anamlalamikia rubani kwa uzembe. Mzee akitia sahihi, Kapteni angefikishwa mahakamani na leseni yake ingefutwa moja kwa moja. Bwana Karibu alinivutia kiti yeye mwenyewe.

Mzee, bega likiwa limefungwa, akamwambia, "Ngoja." Akanigeukia mimi. Akasema, "Polisi wamekuja hapa asubuhi. Wameniambia alichosema yule binti. Amesema alikivua kifuniko akampa dereva amshikie. Wakamuuliza, kwa hiyo dereva ndiye aliyekirudisha? Akasema hajamwona mtu akikirudisha, na hatamtaja mtu kwa jambo asilolishuhudia. Akasema jicho la mwisho ni la rubani, naye hakurudi kuangalia. Wakaandika kosa ni lake."

Bwana Karibu akasema, "Si unaona, Mzee? Amekubali mwenyewe." Akamsogezea kalamu.

Mzee akaishika ile kalamu kwa mkono mzima. Akanitazama sana. Akasema, "Usukani. Koo lako vipi?"

Nilikuwa nimelisubiri swali hilo miezi mitano. Nilikuwa nikiliota. Jibu lilikuwa maneno mawili, na gari jeusi lilikuwa linasubiri, na kiti, na picha ya nane ukutani kwangu. Niliuona mdomo wa Bwana Karibu ukinisaidia kuyatamka.

Nikakohoa.

Nilianza kidogo, kikohozi chetu cha siku zote. Kisha kikanishika kweli, nikakohoa mpaka machozi, mpaka muuguzi akaingia na maji akidhani nimepaliwa. Mzee aliiweka kalamu chini. Alingoja nimalize. Akaniambia, "Toka. Kakohoe polisi."

Nilifika hapa jioni ile nikaambiwa mpelelezi wangu amekwenda nyumbani, nirudi leo. Nimerudi. Mke wangu nimemweleza yote. Hakunicheka safari hii. Alinipigia pasi shati hili, na ndani ya mfuko nilionao amenifungia mswaki, sabuni na chandarua, kwa maana haamini kama nitarudi leo. Funguo za gari la Mzee ziko juu ya meza ya Afande. Gari liko nje, limefunikwa.

Nimeonyeshwa kielelezo, kifuniko chekundu, kikiwa bado na kipande cha kijibomba kilichokatwa pamoja nacho, kwa sababu mkaguzi alishindwa kufungua utepe. Nakitambua. Fundo ni langu. Kapteni hakusahau kitu.

Niliyoyaona nimeyasema, na niliyoyafanya nimeyasema, hayo ya pili ndiyo yaliyonichelewesha. Sina mengine ya kuongeza wala ya kupunguza.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi na dole gumba pia, kwa kutaka mwenyewe)

MAELEZO YA AFISA ALIYEANDIKA

Maelezo haya nimeyaandika mimi, mpelelezi wa zamu, na yamekamilika saa tano na dakika ishirini asubuhi. Shahidi alionywa kama inavyoonyeshwa hapo juu, na sasa ni mtuhumiwa.

Ili kuthibitisha alichosema kuhusu fundo, nilimpa kamba ya kiatu na kalamu. Alifunga mara tatu, mara ya tatu akitazama dirishani. Yote matatu yanafanana na fundo la kielelezo. Mimi na afisa mwenzangu tulijaribu kuyafungua, tukashindwa. Shahidi aliomba aruhusiwe kulifungua la kwenye kielelezo yeye mwenyewe. Nilimkatalia, kwa kuwa ni ushahidi.

Rubani ameachiwa saa sita kasorobo. Alipokuwa akirudishiwa buti na mkanda kaunta, alimwona shahidi kwenye benchi akiwa na mfuko wake. Alimuuliza, "Kaka, umekula?" Rubani alitoka, akarudi na chai na mkate, akaviweka kando yake, akaondoka.

Nilimsomea shahidi maelezo haya yote neno kwa neno, nikamuuliza kama ni sahihi. Alijibu: "Koo safi." Nimeandika kama alivyosema.